Gemu za zamani: ulipie, unakili kaseti yako, au upakue?

Mpwa wangu wa kidato cha pili alinijia mwezi uliopita na simu mkononi. Kwenye kioo palikuwa na mechi ya Simba na Yanga, jezi zimekaa sawasawa, hata majina ya wachezaji yanasomeka mgongoni. "Mjomba, hii ni wizi?" Mwalimu wao wa kompyuta alikuwa amewaambia kwamba PSP za kwenye simu ni wizi mtupu, na mtoto lilimkaa kifuani.

Nilitaka kumjibu papo hapo nikashindwa, kwa sababu ndani ya simu ile kulikuwa na vitu vitatu vilivyofungwa kwenye jina moja. Kulikuwa na PPSSPP, programu inayoifanya simu iwe kama PSP, mashine ya gemu ya mkononi ya Sony. Kulikuwa na faili la gemu ya mpira ya Konami, kampuni ya Japani. Na juu ya hilo faili kulikuwa na kazi ya kijana ambaye hata jina lake hatulijui, aliyekesha akichora jezi za ligi yetu moja baada ya nyingine. Kila kimoja kina jibu lake.

Tangu siku ile nimekuwa nikizipima njia nne za kucheza gemu za zamani: kulipia toleo ambalo mwenyewe analiuza tena, kunakili kaseti au diski unayoimiliki, kucheza zile ambazo wenyewe wameziachia bure, na kupakua mtandaoni. Nazipima kwa swali moja kubwa: dirisha la malipo liko wazi? Yupo mtu mwenye haki ya kupokea hela yangu, na ameweka namna ya kuipokea?

Swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu nina deni. Gemu ya kwanza niliyocheza maishani ilikuwa kwenye mashine ya plastiki ya kuchomeka kwenye TV, ile iliyoigizwa kutoka kwa Famicom ya Nintendo, na kaseti yake ya njano ilijigamba kuwa na gemu 9,999,999. Ukizihesabu zilikuwa chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Tulipuliza kaseti ikigoma, tukagombania padi, tukafukuzwa tukaoge. Waliozitunga gemu zile hawakupata senti moja kutoka mtaani kwetu, na sisi hatukujua kama kuna wa kulipwa. Leo najua.

Deki bila kanda

Tuanze na lile neno la mwalimu. Emyuleta ni programu inayoigiza mashine: inachukua maagizo yaliyoandikwa kwa ajili ya chipu ya PSP au ya Game Boy ya Nintendo na kuyatafsiri ili simu au kompyuta yako iyaelewe. Romu ni nakala ya kilichokuwamo ndani ya kaseti. Emyuleta bila romu ni deki bila kanda. Hakuna aliyewahi kukamatwa kwa kuwa na deki.

Hili lilishapita mahakamani. Mwaka 1999 kampuni ya Marekani iitwayo Connectix ilitoa Virtual Game Station, iliyowezesha kompyuta za Mac kucheza diski za PlayStation, wakati PlayStation yenyewe bado ikiuzwa madukani. Sony, mwenye PlayStation, ikashtaki. Ili kuitengeneza, wahandisi wa Connectix walikuwa wameinakili na kuichambua programu ya ndani ya PlayStation, lakini bidhaa waliyouza haikuwa na msimbo wa Sony ndani yake. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya huko ikasema hayo ni matumizi halali: Sony ina haki juu ya programu yake, ila haki hiyo haimpi umiliki wa soko zima la mashine zinazoweza kucheza gemu zake. Sony baadaye iliinunua Virtual Game Station na kuiondoa sokoni, jambo ambalo halikufuta hukumu.

Halafu mwaka 2018 Sony ilipotoa PlayStation Classic, kile kimashine kidogo chenye gemu 20, ndani yake iliweka emyuleta iitwayo PCSX ReARMed. Ni kazi ya chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa wote, iliyojengwa na watu wa mtandaoni kwa miaka. Siilaumu Sony kwa hilo, leseni inaruhusu. Nalitaja kwa sababu anayesema emyuleta ni wizi anawaita wezi watu ambao kampuni yenyewe imewategemea.

Kwa hiyo PPSSPP ya mpwa wangu ni halali. Aliyeianzisha mwaka 2012, Henrik Rydgård, msimbo wake ameuweka wazi kwa kila mtu, na kuna toleo la Gold la kulipia kwa anayetaka kumshika mkono. Hapo kuna dirisha lililo wazi, na wengi hawalijui.

Mstari unapokatika

Mbona basi tunasikia emyuleta zikifungwa? Hapa inabidi twende taratibu.

Februari 2024 Nintendo iliwashtaki watengenezaji wa Yuzu, emyuleta ya Nintendo Switch, katika mahakama ya Rhode Island, Marekani. Hoja yake kuu haikuwa kwamba kuigiza mashine ni kosa. Gemu za Switch zimefungwa kwa usimbaji, yaani zimeandikwa kwa siri hazisomeki bila funguo, na Yuzu ilikuwa ikitumia funguo zilizochopolewa kwenye mashine halisi ili kuzifungua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli la namna hiyo. Nintendo ikaongeza kwamba gemu yake ya Zelda ya Mei 2023, Tears of the Kingdom, ilivuja na kupakuliwa zaidi ya mara milioni moja kabla ya siku ya kutoka, huku Yuzu ikipokea michango ya kila mwezi na kuwapa wachangiaji matoleo ya mapema. Kesi haikufika hata kusikilizwa. Baada ya wiki moja tu pande mbili zilipatana: dola milioni 2.4, na Yuzu ikazimwa.

Juu ya Zelda niko upande wa Nintendo, tena bila kusita. Gemu haijafika hata dukani, watu waliitengeneza kwa miaka, na wewe umeshaimaliza kwenye kompyuta yako? Hapo dirisha lilikuwa linakaribia kufunguliwa, nawe umeruka ukuta.

Kinachoniuma ni kilichokufa pamoja na Yuzu. Watu wale wale walikuwa na emyuleta nyingine, Citra, ya mashine ya Nintendo 3DS. Nayo ilizimwa siku hiyo hiyo. Na duka la mtandaoni la 3DS Nintendo ilikuwa imelifunga kwa manunuzi tarehe 27 Machi 2023, hata mwaka haujaisha. Gemu ambazo ziliuzwa kwenye duka lile tu, bila kaseti, leo huwezi kuzinunua kwa bei yoyote. Dirisha wamelifunga wao, na njia ya pembeni nayo wakaiziba.

Kulipia: unapanga au unanunua?

Nintendo Switch Online, huduma ya kulipia ya mashine ya Switch, ilianza mwaka 2018, na kwa bei ya Marekani ni dola 19.99 kwa mwaka. Ukitaka gemu za Nintendo 64 unapanda hadi dola 49.99. Unapata gemu nyingi, zinacheza vizuri, unaweza kurudisha nyuma ulipokosea, na unalala ukijua umelipa. Lakini hiyo ni kodi ya nyumba. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Hata ukiwa umelipa, mashine inataka iguse intaneti angalau mara moja kila siku saba, na kwa anayeishi mahali bando ni hesabu ya kila siku, hilo lina uzito. Isitoshe, watu wengi hapa Bongo inabidi wafungue akaunti kwa anwani ya nchi nyingine ndipo walipie.

GOG, duka la Poland lililoanza mwaka 2008 chini ya CD Projekt, lina tabia nyingine kabisa. Linauza gemu za kompyuta, nyingi za miaka ya 1980 na 1990, na ukishanunua unapakua faili la kusakinisha ambalo halina kufuli. Unaliweka kwenye flashi, unalihifadhi, unalisakinisha tena baada ya miaka kumi hata duka likiwa halipo. Gemu nyingi za DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, pale zinaendeshwa na DOSBox, emyuleta ya chanzo huria. Yaani wewe unalipa, mwenye haki anapata, na emyuleta inafanya kazi yake mchana kweupe. Kama una kompyuta, hata chakavu, na kadi ya mtandaoni ya kwenye M-Pesa, anzia hapa. Kati ya njia zote hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na laiti watengenezaji wa konsoli, zile mashine za gemu, wangeiga.

Kunakili kaseti yako

Nina kaseti moja ya Game Boy niliyoinunua kwa mtu aliyerudi kutoka Ujerumani. Nilisafisha meno yake ya shaba kwa pamba na spiriti, pamba ikatoka nyeusi kama ya kufuta sufuria la mkaa. Kisha nikaichomeka kwenye kifaa kidogo cha kusomea kaseti kinachoungwa na kompyuta kwa waya wa USB. Programu ikaonyesha jina la gemu, ikahesabu, ikamaliza kabla chai haijapoa. Faili zikawa mbili: romu, na lile lililohifadhi mchezo alipoachia mwenye kaseti wa kwanza. Nilipolifungua nikakuta jina la mtoto, herufi saba za Kijerumani, na saa zake zote za kucheza. Ndani ya kaseti kama hizi kuna betri ndogo ya duara inayoshikilia kumbukumbu hiyo. Ikifa, mtoto yule anafutika. Mpaka leo sijamfuta.

Kimaadili njia hii haina doa: kaseti ni yako, ililipiwa ilipokuwa mpya, na huigawi kwa mtu. Kisheria iko vizuri ila si kwa kila kitu. Sheria ya hakimiliki ya Marekani inamruhusu mwenye nakala halali ya programu kujiwekea akiba, ingawa Nintendo imekuwa ikikataa kwamba ruhusa hiyo inahusu romu. Na ukishafika kwenye diski na kaseti zenye kufuli la usimbaji, unarudi kwenye tatizo la Yuzu. Kwa gemu za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, ambazo nyingi hazina kufuli la namna hiyo, mimi nina amani.

Ubaya wake ni gharama. Kaseti halisi ni adimu huku kwetu, nyingi zinazouzwa ni za kuigizwa, na kifaa cha kusomea kinaagizwa nje. Na kaseti ya mkono wa pili, ukweli ni kwamba aliyeitunga gemu hapati kitu.

Zilizoachiwa bure

Hapa sina maneno mengi kwa sababu hapana mgogoro. Pakua ScummVM, programu ya kuchezea gemu za zamani za hadithi, kwenye simu, ni bure. Kisha pakua Beneath a Steel Sky, gemu ya mwaka 1994 ambayo Revolution Software ya Uingereza iliiachia bure mwaka 2003. Ni hadithi nzima ya saa kadhaa, haili bando, haina matangazo. Orodha ya gemu za namna hii ni fupi, ila ni safi.

Kupakua

Sasa njia wanayoitumia watu wengi. Romu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 ni kilobaiti 40 hivi. Picha moja ya harusi uliyotumiwa WhatsApp inaizidi gemu nzima. Udogo huo unadanganya, mtu anaona kama hajachukua kitu. Lakini kwa sheria ya Marekani kazi ya kampuni inalindwa miaka 95 tangu itoke. Mario huyo analindwa mpaka mwisho wa mwaka 2080, mpwa wangu akiwa babu. Kwetu pia programu za kompyuta zinalindwa, Tanzania kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya kwa sheria yake ya mwaka 2001.

Tuondoe na uongo mmoja unaozunguka tangu enzi za intaneti kafe: eti ukipakua romu na kuifuta ndani ya saa 24 huna kosa. Hakuna sheria inayosema hivyo. Vivyo hivyo lile neno la gemu "iliyotelekezwa": sheria haijui gemu iliyotelekezwa. Hakimiliki inaendelea hata kama mwenyewe ameisahau.

Wanaosakwa hasa ni wagawaji. Mwaka 2018 Nintendo iliishtaki tovuti ya LoveROMS, na shauri likaisha kwa hukumu ya zaidi ya dola milioni 12. Tovuti kongwe ya EmuParadise ikaona moshi, ikaondoa romu zake zote mwaka huo huo. Sijasikia kesi ya mtoto aliyepakua gemu moja ya 1991, lakini kutosakwa na kuwa na haki ni mambo mawili.

Mimi kupakua nakugawa mafungu mawili. Kama gemu inauzwa leo, kwenye GOG, kwenye konsoli mpya, au hata ndani ya kifurushi cha mwezi, kuipakua ni kumruka mtu dirishani. Sina kisingizio cha kumpa yeyote, hata cha umaskini, maana gemu si dawa wala unga.

Fungu la pili ndilo zito. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, ilitoa utafiti: gemu 87 kati ya kila 100 za zamani zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 hazipatikani tena kwa kununua. Wenye haki wengine walikufa, kampuni zikafilisika, haki zikagawanywa mpaka hakuna anayejua za nani. Wengine hawakutunza hata kazi zao: kampuni ya Square Enix ilipotaka kuitoa upya gemu yake ya Kingdom Hearts, ilikuta data za awali zimepotea, ikabidi mengi yatengenezwe upya kutoka kwenye gemu iliyokuwa imeshauzwa.

Na gemu za mpira zina msiba wao wa peke yake. Ndani yake kuna majina ya wachezaji, nembo za klabu, jezi, nyimbo, na kila kimoja kina mkataba wenye mwisho. Mkataba ukiisha, gemu inaondolewa dukani na hairudi, kwa sababu hakuna atakayelipia upya sura ya mchezaji aliyestaafu. Ndiyo maana gemu ya PSP anayoipenda mpwa wangu haiuzwi popote ikiwa mpya. Uzalishaji wa PSP ulikwisha mwaka 2014, na manunuzi yaliyobaki kwenye mashine hiyo Sony iliyafunga Julai 2021. Dirisha halipo, na kwa hesabu zote halitafunguliwa.

Je, kampuni zimewaachia angalau maktaba? Watunzaji waliomba ofisi ya hakimiliki ya Marekani iruhusu maktaba kuwaazima watafiti gemu zisizouzwa wakiwa mbali, bila kulazimika kusafiri hadi kwenye jengo. Oktoba 2024 wakakataliwa. Wenye gemu walikuwa wamepinga wakisema watu watacheza kwa burudani. Kitabu kilichoisha dukani tangu zamani unaweza kukisoma maktaba, hata kwa burudani, na hakuna mwandishi anayelia. Uamuzi ule ulikuwa mbaya, na unamsukuma mtafiti mwaminifu kwenye tovuti zile zile zinazofunguliwa mashtaka.

Kwa hiyo, anayepakua gemu ambayo kweli haiuzwi popote amevunja sheria, na sitamdanganya kwamba hajavunja. Ila simuoni aliyeporwa. Mimi mwenyewe kwenye fungu hili huanza kutafuta kaseti au diski halisi, na nikiikosa nasubiri. Wapo watu wa heshima wasiosubiri, na nawaelewa.

Uchague ipi

Una kompyuta na vijisenti kidogo: GOG, wala usifikirie mara mbili. Una Switch tayari na intaneti ya uhakika: lipia huduma yao, ukijua unapanga tu. Una kaseti kwenye sanduku la kwa mama: zinakili mwaka huu, kabla betri hazijafa. Una simu tu: ScummVM na gemu zilizoachiwa bure, halafu PPSSPP kwa diski ambazo wewe au ndugu yako mlinunua.

Mpwa wangu ana simu tu. Nilimwambia PPSSPP si wizi, amwambie mwalimu wake kwa adabu. Nilimwambia faili la Konami amelipata kinyume cha sheria, na kwamba Konami ina gemu yake ya mpira ya simu, eFootball, inayopakuliwa bure dukani. Akaniambia, "Lakini ile haina timu yangu hivi, mjomba." Sikuwa na jibu.

Tukaja kwa kijana wa jezi. Kinachoniumiza ni kwamba kazi yake halisi, zile picha za jezi na majina, angeweza kuigawa peke yake bila gemu, kama walivyofanya mashabiki walioitafsiri Mother 3, gemu ya Japani, mwaka 2008: waligawa kiraka tu cha tafsiri, gemu ukaitafute mwenyewe. Badala yake kila kitu kimefungwa kwenye faili moja kubwa, na kwenye kibanda cha simu cha mtaani kwetu unaingiziwa kwa buku. Huyo mwenye kibanda hakuitunga gemu wala hakuchora jezi, na ndiye pekee aliyelipwa.

Mpwa akauliza kama tunaweza kumpata yule mchoraji tumtumie hiyo buku. Tumeanza kutafuta. Kwenye ukurasa wa kwanza wa gemu, chini kabisa, ameacha jina la utani, na tarakimu mbili za mwisho zinaonekana kama mwaka wa kuzaliwa.